Usiku wa Wafu: Asili ya Halloween na Ada za Mrima wa Bagamoyo

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba unapoelekea ukingoni, na mvua za vuli zinapoanza kuinyeshea minazi na mihogo ya Mrima wetu, kuanzia Kunduchi mpaka Bagamoyo na kuendelea hadi Saadani, katika nchi za mbali za kaskazini, ambako wakati huo majani ya miti hupukutika na jua hutua mapema, watu hujiandaa kwa sikukuu ya ajabu: watoto huvaa vinyago vya mafuvu na mavazi ya vizuka, maboga hukombwa nyama yake na kutobolewa macho na meno, kisha mishumaa ikawashwa ndani, na milango ya nyumba hupambwa kwa buibui wa bandia na mifupa ya kuigiza. Sikukuu hiyo ni Halloween, nayo huadhimishwa usiku wa tarehe 31 Oktoba. Wasomaji wetu wengi wameiona katika filamu, na baadhi ya vijana wa mijini wamekwisha kuicheza. Wazee wao huitazama kwa shaka, wakiuliza kama ni ibada ya shetani au ni mchezo wa watoto tu.

Swali la wazee ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa hamaki, ama kwa kulaani ama kwa kushangilia, bali kwa kuifuata tarikhi ya jambo lenyewe tangu chimbuko lake. Atakayeifuata tarikhi hiyo kwa utulivu ataona kwamba sikukuu hii, iliyojaa vitisho na peremende, ilizaliwa na wajibu mzito ambao sisi watu wa pwani tunaujua sana, yaani wajibu wa walio hai kwa waliowatangulia kaburini. Na ataona pia kwamba wajibu huo, ambao huko kwingine umesahauliwa ukabaki mchezo, hapa Bagamoyo ungali hai, misikitini na kanisani, katika magofu ya kale na majumbani mwa watu.

Asili ya kale kabisa ya Halloween hutafutwa kwa Wakelti, kaumu iliyokaa Ireland, Scotland na pande nyingine za magharibi ya Ulaya kabla ya Ukristo kuwafikia. Kwa watu hao, waliokuwa wafugaji na wakulima wa nafaka, mwaka uligawanyika nusu mbili, ya joto na ya baridi, na mpaka wa nusu hizo ulikuwa sikukuu iliyoitwa Samhain, iliyoanza jua lilipotua siku ambayo kwa hesabu ya leo ni tarehe 31 Oktoba. Kufikia siku hiyo mifugo ilikuwa imeteremshwa kutoka malisho ya milimani, na ile isiyotarajiwa kustahimili baridi ilichinjwa, na mioto mikubwa ikawashwa juu ya vilima. Hekaya za Ireland, zilizoandikwa na watawa wa Kikristo karne nyingi baadaye, husimulia kwamba usiku huo vilima vya kale, vilivyodhaniwa kuwa makao ya viumbe wasioonekana, vilifunguka, na ulimwengu wa siri ukakaribiana na ulimwengu wa watu. Kwa kuwa Wakelti wenyewe hawakuacha maandishi ya ibada zao, mengi yanayosemwa leo kwa uhakika juu ya Samhain ni dhana za watu wa baadaye. Lakini hakuna shaka kwamba ulikuwa wakati wa kufunga mwaka wa shamba na kuukabili usiku mrefu wa baridi, wakati ambao binadamu popote alipo huwakumbuka waliokuwapo mwaka jana na sasa hawapo.

Kanisa nalo lilikuwa na njia yake. Mwaka 609 Papa Bonifasi wa Nne alilitabaruku hekalu la kale la Roma liitwalo Pantheon, akaliweka chini ya jina la Bikira Maria na mashahidi wote, na kumbukumbu yake ikawa tarehe 13 Mei. Karne moja baadaye Papa Gregori wa Tatu, aliyeshika kiti tangu mwaka 731 hadi 741, aliweka wakfu katika kanisa la Mtakatifu Petro kikanisa cha watakatifu wote, na mwaka 835, katika zama za Papa Gregori wa Nne, sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba ilienezwa katika dola yote ya Wafaranki. Mkesha wa siku hiyo ndio uliokuja kuitwa Halloween. Wako wanaosema kwamba Kanisa liliichagua tarehe hiyo makusudi ili kuifunika Samhain. Lakini wanatarikhi wengine huijibu rai hiyo kwa hoja yenye uzito, kwamba Wakristo wa Ireland wenyewe, waliokuwa warithi wa Samhain, zamani waliwaadhimisha watakatifu wote mwezi wa Aprili, na tarehe ya Novemba ikawafikia kutoka nje.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyoleta wafu wa kawaida, wasio watakatifu, katika kadhia hii. Yapata mwaka 1000, Odilo, aliyekuwa abate wa nyumba kubwa ya watawa ya Cluny nchini Ufaransa, aliamuru kwamba siku inayofuata Watakatifu Wote, yaani tarehe 2 Novemba, watawa wake wote wawaombee marehemu wote waaminifu, na desturi hiyo ikaenea taratibu mpaka ikawa ya Kanisa zima la Magharibi. Mafundisho ya wakati huo yalikuwa kwamba roho nyingi hukaa toharani zikitakaswa, na kwamba sala na sadaka za walio hai huzifaa. Kutokana na itikadi hiyo ikazuka Uingereza ada nzuri: matajiri walioka mikate midogo yenye viungo, na maskini na watoto wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba, wakapewa mikate ile, nao badala yake wakawaombea dua marehemu wa nyumba hiyo. Mtoto aliyebisha hodi mlangoni usiku ule hakuja kutisha mtu wala kudai kitu bure, bali alikuja kubadilishana na mwenye nyumba, mkate kwa sala.

Katika karne ya 16, mageuzi ya dini yalipoipindua Uingereza na Scotland, mafundisho ya toharani yakakataliwa, na pamoja nayo yakakataliwa maombi ya marehemu na kengele zilizopigwa usiku kucha kwa ajili yao. Watu, hata hivyo, hawaachi usiku wao kwa amri ya serikali. Sala ikaondoka, matembezi yakabaki. Mkate ukabaki, aliyeliwa mkate kwa niaba yake akasahauliwa. Kule Scotland vijana waliendelea kujifunika nyuso na kupita majumbani, na wasichana wakautumia usiku huo kubashiri waume watakaowaoa kwa kuchoma njugu motoni, mambo ambayo mshairi Robert Burns aliyaeleza katika utenzi wake mrefu uitwao Halloween alioutunga mwaka 1785. Waayalandi, waliobaki Wakatoliki kwa sehemu kubwa, walishika sala na mchezo pamoja, wakachonga nyuso za kutisha katika mizizi minene ya tanipu na kutia kaa la moto ndani, wakisimulia kisa cha Jack, mlevi aliyemhadaa Ibilisi mara kwa mara mpaka alipokufa akakataliwa peponi na motoni pia, akabaki akitangatanga gizani na taa yake hiyo.

Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa uliiangamiza mimea ya viazi nchini Ireland, ikaja njaa kubwa iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine kama hao kuvuka bahari, wengi wao wakienda Marekani. Huko walilikuta boga, kubwa na jepesi kuchongwa kuliko tanipu, na usiku wao wa wafu ukavaa sura inayojulikana leo. Mnamo miaka ya 1920 na 1930 watoto wa Marekani wakazoea kubisha hodi wakisema wapewe kitu kitamu, la sivyo watafanya utundu. Vita vya pili vya dunia vilipoleta mgao wa sukari mchezo ukapungua, na baada ya vita ukarudi kwa nguvu, wafanyabiashara wakaushika, na filamu zikaupeleka duniani kote. Hata hivyo chembe ya asili haikufa kabisa, kwa maana tangu mwaka 1950 watoto wengi wa Marekani wamekuwa wakipita usiku huo na visanduku vya kukusanyia fedha za UNICEF kwa ajili ya watoto wenzao wenye shida, na hivyo sadaka ikarejea mlangoni ilikotoka. Kwa majirani zao wa Mexico, ambako mila za wenyeji wa asili zilichanganyika na za Wakatoliki wa Hispania, siku mbili za mwanzo wa Novemba ni siku za kuwapikia marehemu vyakula walivyovipenda na kukesha makaburini kwa maua na mishumaa, na mwaka 2008 UNESCO iliitia ada hiyo katika orodha ya turathi za ulimwengu zisizoshikika.

Sasa na turudi nyumbani. Tarehe 2 Novemba ya Odilo ilifika Mrima kwa jahazi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walishika kazi Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, na katika enzi ya Sayyid Majid bin Said, wakavuka kuja Bagamoyo, wakafungua makao yao kaskazini ya mji, wakapanda minazi na miembe, wakajenga kijiji cha watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Miaka ile ya mwanzo ilikuwa miaka ya mauti. Kipindupindu kilipita pwani nzima, tufani ya mwaka 1872 ikabomoa majengo, na homa ikawachukua wamisionari mmoja baada ya mwingine, wengi wao wangali vijana. Mtu akifuata leo njia ya misheni, akapita pango la Bikira Maria lililojengwa mwaka 1876 na hao waliokombolewa, atafika katika makaburi yao, safu za misalaba chini ya miti, mahali ambapo aliyetoka Ufaransa na aliyetoka bara kwa minyororo wamelazwa katika udongo mmoja.

Hapo, na katika makaburi mengine ya Wakatoliki tangu Bagamoyo hadi Dar es Salaam, siku ya Marehemu Wote huadhimishwa bila kinyago chochote. Tarehe 1 ni misa ya Watakatifu Wote. Tarehe 2 waumini hung'oa magugu, hupaka chokaa misalaba, huweka maua na kuwasha mishumaa, na padri hupita baina ya makaburi akiyanyunyizia maji ya baraka, huku majina ya marehemu yakitajwa katika sala. Tangu mwaka 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliporuhusu jambo hilo kwa sababu ya wingi wa waliokufa, kila padri aweza kuadhimisha misa tatu siku hiyo. Mwezi wote wa Novemba huwa wa kuwaombea waliotangulia. Mtoto anayekwenda na bibi yake siku hiyo hafundishwi kuogopa kaburi, bali hufundishwa liko wapi, ni la nani, na aliyelala ndani yake alikuwa nani kwake.

Bagamoyo ina kisa kingine cha heshima kwa maiti ambacho hakina mfano mwingi duniani. Mwezi wa Mei 1873, David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakauchukua kwa miguu kuelekea pwani. Njiani walikutana na watu walioogopa mno kupitishiwa maiti katika ardhi yao, hata ikawabidi wachukuzi hao waufunge upya mwili kwa umbo la mtumba wa nguo na kueneza habari kwamba maiti imerudishwa. Mwezi wa Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, ukalazwa misheni, kisha ukavushwa Unguja na kupelekwa London, ukazikwa Westminster tarehe 18 Aprili mwaka huo. Watu hao hawakuwa na deni la sheria kwa marehemu, wala hakuwapo wa kuwalazimisha. Walifanya walivyofanya kwa sababu waliona kwamba aliyekufa ana haki ya kurudishwa kwa ahali zake.

Ama Waislamu, ambao ndio wengi katika mji wa Bagamoyo na vijiji vya Mrima, hawana siku moja iliyofanana na tarehe 2 Novemba, bali ukumbusho wa wafu umesambaa katika mwaka mzima na katika aushi ya kila aila. Mtu akifariki huoshwa, husitiriwa kwa sanda, husaliwa na kuzikwa upesi kwa taadhima. Husomewa hitima, na katika nyumba nyingi hufuatwa na arobaini, ambapo wanachuoni na watoto wa chuo husoma Kurani kisha wakalishwa, na thawabu ya kisomo na chakula ikaombewa kumfikia marehemu. Atakayeikumbuka ile mikate ya Uingereza, aliyopewa mtoto maskini ili aombe dua, ataona kwamba watu wa mataifa mawili yasiyojuana walifikia ada moja: sadaka kwa aliye hai, rehema kwa aliyekufa. Mwezi wa Shaabani, ambao wazee huuita Mlisho, usiku wa nusu ya mwezi watu wengi husoma Yasin na kuwaombea wazee wao, na wengine huzuru makaburi kabla ya kuingia Ramadhani. Masheikh hawakuafikiana juu ya kila sehemu ya desturi hizi, na wako wanaozikataa baadhi yake kwa kuwa si katika sunna. Lakini wote hukubaliana kwamba kuzuru kaburi humkumbusha mtu akhera, na kwamba dua kwa marehemu ni jambo jema.

Bagamoyo ina ziara yake mashuhuri pia. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kutoka pande za Kongo akiwa mtoto mtumwa, akajifunza dini mpaka akawa mwanachuoni mkubwa na khalifa wa tarika ya Qadiriyya, akafariki mwaka 1931, na wafuasi wake wamekuwa wakikusanyika Bagamoyo kutoka pande nyingi kwa maulidi, dhikri na ziara ya kaburi lake. Mtu aliyeingia mji huu bila jina la ukoo akawa baada ya kufa kwake sababu ya maelfu kuujia. Na msomaji anayedhani kwamba watoto kubisha hodi majumbani kuomba vitu vitamu ni jambo la Wamarekani peke yao, na apate habari za Oman, wanakokaa jamaa zetu wengi wazungumzao Kiswahili, ambako katikati ya Ramadhani watoto huvaa mavazi yao mazuri, hugonganisha mawe na kauri, hupita mitaani wakiimba, na kila nyumba huwapa peremende na njugu. Huitwa Qaranqasho, na hamna ndani yake kitisho hata kimoja.

Ziko athari za kale zaidi ya hizo. Kaole, mwendo mfupi kusini ya Bagamoyo, yapo magofu ya mji ulioanza karne ya 13, yenye misikiti miwili na makaburi ya mawe, mengine yamesimamishiwa nguzo ndefu ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Mtaalamu Neville Chittick aliyachimbua magofu hayo mwaka 1958. Miongoni mwa makaburi hayo limo moja linalosimuliwa kuwa la Sharifa, mwanamke mchamungu, na hadi leo wako wanaoliendea kuomba na kuacha nadhiri zao. Kunduchi nako, kaskazini ya Dar es Salaam, upo msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyotiwa sahani za kigeni. Waliojenga makaburi hayo walitoa mali nyingi, iliyosafiri kutoka Uchina kwa pepo za misimu, wakaikaza katika chokaa ili mpita njia ajue kwamba aliyelala pale alikuwa mtu wa watu. Na mjini Bagamoyo kwenyewe yako makaburi ya Wajerumani, yakiwamo ya waliokufa katika vita vyao na watu wa pwani vya mwaka 1888 na 1889, karibu na ufuo walikonyongewa watu waliowapinga. Wa kwanza wana majina yao juu ya mawe, na wa pili wengi hawana.

Lakini je, Mrima hauna vitisho vyake? Unavyo tele. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ni miongoni mwa walioandika yale yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, na humo mna maelezo marefu ya pepo na uganga wao, pamoja na ya mazishi na matanga. Watoto wa pwani wamelelewa kwa habari za vibwengo wa ufuoni, kinyamkera anayekwenda na kimbunga cha vumbi, na mibuyu yenye wenyewe ambayo haifai kupitwa jua la utosi. Wazaramo, Wakwere na Wadoe wana mizimu na matambiko ya wahenga, na katika itikadi hizo za kale liko jambo ambalo msomaji wa dini yoyote aweza kulizingatia: mzimu hauwasumbui watu ovyo. Aliyekufa huja katika ndoto akilalamika kaburi lake limeota nyasi, jina lake halikurithiwa, au sadaka yake haikutolewa. Anayetisha ni yule aliyesahauliwa.

Hata sikukuu yetu ya kufunga mwaka yafanana kwa namna ya kustaajabisha na ile ya Wakelti. Siku ya Mwaka, au Nairuzi, iliyotufikia kutoka Uajemi, huhesabiwa kwa siku 365 bila ya siku ya ziada, kwa hiyo hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Zamani iliadhimishwa katika miji mingi ya pwani, Mrima na visiwani, watu wakaoga baharini na kuuzima moto wa zamani jikoni ili kuwasha mpya; na leo Makunduchi, kusini ya Unguja, ambako yaitwa Mwaka Kogwa na huadhimishwa aghalabu mwezi wa Julai, wanaume hupigana kwa magome ya migomba wakamaliza chuki za mwaka, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Moto wa kilima cha Ireland na moto wa kibanda cha Makunduchi haikujuana, lakini yote miwili yaonyesha kwamba binadamu, anapovuka mpaka wa mwaka, hutaka kuyachoma ya kale ili asiyabebe.

Baada ya kuyapima hayo yote, jibu kwa wazee waliouliza ni hili. Halloween haikuanza kwa ibada ya shetani, wala si peremende tupu. Ni siku ya wafu iliyopoteza wafu wake. Pale sala ilipoondolewa na majina yakaacha kutajwa, marehemu, ambaye kwanza alikuwa baba au mama wa mtu, akageuka kuwa fuvu lisilo na jina, na fuvu lisilo na jina halina kazi ila kutisha. Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam anayetaka kuvaa kinyago usiku wa tarehe 31 Oktoba hastahili laana; anastahili kuelezwa anachokicheza, na kuulizwa kama anajua alikozikwa babu wa babu yake. Wengi wetu hatujui, na hilo ndilo linalopasa kutuhuzunisha kuliko boga lenye macho ya moto.

Khatari ya kusahau iko karibu kuliko tunavyodhani. Mji wa Dar es Salaam unapanuka kwenda kaskazini kwa kasi kubwa, mashamba ya Mrima yanauzwa na kupimwa viwanja, na makaburi mengi ya ukoo, yasiyo na jiwe wala maandishi bali mti na kifusi cha udongo tu, yamo ndani ya mashamba hayo. Mnunuzi hayajui, muuzaji kijana hakuonyeshwa, na mzee aliyeyajua amekwisha kufa. Magofu ya Kaole na Kunduchi hulindwa kwa sheria, lakini hakuna idara iwezayo kulinda kaburi ambalo wenyewe hawalitaji.

Basi namsihi msomaji, awe Mwislamu au Mkristo, ayafanye mambo matatu kabla ya mwaka huu kwisha. Kwanza, akae na mkubwa kuliko wote katika aila yake, aandike majina ya waliotangulia na mahali walipozikwa. Pili, katika siku ambayo dini yake inaikubali, iwe Novemba, Shaabani au asubuhi ya Idi, awachukue watoto wake mpaka makaburini, wang'oe magugu kwa mikono yao na kuwaombea waliomo. Tatu, kama shamba la ukoo linauzwa, kaburi lililomo liandikwe katika hati na lizungushiwe uzio kabla fedha hazijapokelewa. Akiyatimiza hayo, watoto wake watajua tarehe 31 Oktoba ni nini kwa watu wengine, na watajua vilevile wafu wao wenyewe wako wapi.